Mguu Pande

"Lala kifudifudi, Sajini," kijana akaniambia,
nami niliyelaza makuruta kwenye nyasi za Kabalye
hadi umande ukapanda vifuani mwao,
nikalala.

Kitanda cha hospitali ya Masindi kina raba ya kijani,
imepasuka, inauma shavu.
Businge wa mazoezi ya viungo ana dole gumba fupi.
Alilizamisha kwenye tako langu la kulia
kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya unga,
akaipita nyama nene ya juu ("hii siyo"),
akashuka,
akashuka,
nikamwita mama yangu, aliyekufa zamani.

"Ndiye huyo," akasema.

Akamchora nyuma ya karatasi ya dawa.
Huanzia ndani, mbele ya fupa la pembe tatu
uti wa mgongo unapokomea,
hutokea dirisha la nyonga kwa nyuma,
akipungua unene kadiri anavyokwenda,
mpaka anabaki kano tu, imejifunga
kwenye nundu ya juu ya fupa la paja.
Waliompa jina, anasema, walimwona kama pea.
Pea sijawahi kula. Mimi niliona ovakedo changa,
zile zenye shingo, upepo unazoziangusha
nyuma ya choo cha dada yangu.

"Na kazi yake?"
"Simama. Simama kama zamani."

Mguu sawa!
Visigino vikagusana vyenyewe,
vidole vikafunguka nje, mkasi nusu wazi.
"Umeona? Yumo katika hao waliofungua.
Ukiwa wima, hulizungusha paja litazame nje.
Ukiketi, hugeuza kazi, hulisogeza paja kando,
kama unaposhuka garini mguu mmoja kwanza.
Na kila hatua, yeye na wadogo zake wa chini
hukishika kichwa cha paja kisichezecheze kikombeni."

Miaka thelathini na mmoja.
Nilikagua kola, vifungo, kiwi ya buti, kucha.
Nilimjua aliyelala na deni
na aliyelala kwa mke wa koplo.
Huyu sikumwita hata siku moja.
Hana namba, hana cheo,
na kila nilipopaza sauti uwanjani
alitii gizani, chini ya mafuta na suruali,
kabla ya kuruta yeyote.

"Sasa mbona ameasi?"

Businge hakucheka. "Siku hizi unakaa wapi?"

Kijura, kwenye mashine ya kusaga ya Letaru, dada yangu.
Juu ya kreti ya soda, kutwa.
Suruali ni ile ya kazi, sikuitupa,
na pochi ya pesa za unga i mfuko wa nyuma.
Kulia.

Akachora mstari chini ya ovakedo yangu,
akaukoleza mara mbili:
neva, nene kama kidole,
hakuna inayoizidi mwilini,
hushuka hadi unyayo.
Msuli ukikaza, hiyo hubanwa.
Kuna watu, akasema, neva yao humpasua katikati
ndipo ipite. Ndivyo walivyozaliwa.

Basi ule moto kutoka takoni hadi kidole cha mwisho
si baridi ya malindo ya usiku.
Si yule jirani pia.
Nilikuwa nimeacha kumsalimia tangu Pasaka.

Pochi sasa naifunga tumboni, chini ya gomesi.
Letaru ananicheka, anasema nina mimba ya shilingi.
Usiku, mashine ikizimwa, nalala chali kwenye mkeka,
kifundo cha kulia juu ya goti la kushoto,
nalivuta paja la kushoto kifuani kama alivyonionyesha,
na kwa sauti ambayo kuruta hakuwahi kuisikia
namwambia: mguu pande.

Hatii.
Nahesabu hadi thelathini.
Amri hii, kwangu, hajaizoea.
Narudia.